Kuku wamechanjwa lakini hawaishi kuugua: Adui aliyejificha bandani

WAFUGAJI wa kuku wa kisasa mikoani Mbeya na Iringa wanaifahamu hali hii. Vifaranga wananunuliwa wakiwa wazima, wanapewa chanjo zote zilizoandikwa kwenye ratiba, na kwa wiki tatu za mwanzo vifo ni vichache mno. Inapofika wiki ya nne, mafua yanaanza. Yakitibiwa, kunafuata kuhara damu. Kuhara kukitulia, kideri kinaingia na kufagia kuku ambao mwenye nao bado ametunza chupa tupu ya chanjo aliyowapa.

Hapo lawama huanza. Muuza chanjo anaambiwa ameuza maji, mtengeneza chakula anaambiwa amejaza pumba tupu, na kijana anayelala bandani anaambiwa ni mvivu. Wakati mwingine lawama hizo ni za haki. Hata hivyo, lipo jambo jingine ambalo halionekani kwa macho na ndiyo maana hulaumiwa mara chache. Ni maambukizi ya virusi yaliyoingia mapema bila dalili, yakaharibu kinga ya mwili wa kuku, kisha yakayaachia magonjwa mengine kazi ya kuua.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mfugaji wa kuku, kikulacho mara nyingi kimo bandani tangu kabla vifaranga hawajashushwa kwenye gari.

Kifuko kidogo chenye kazi kubwa

Ndani ya mwili wa kuku, juu kidogo ya tundu la haja, kuna kifuko cha mviringo kiitwacho bursa ya Fabricius. Jina hilo linatokana na mtaalamu wa mwili wa Italia, Fabricius, aliyefariki mwaka 1619. Kwa zaidi ya miaka 300 kazi ya kifuko hicho haikujulikana.

Ilikuwa mwaka 1956 ambapo mtafiti Bruce Glick na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa kuku aliyeondolewa kifuko hicho akiwa mchanga hushindwa kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopambana na vimelea vya magonjwa. Kwa lugha nyepesi, bursa ni chuo cha jeshi. Chembe nyeupe za damu hufunzwa hapo katika wiki za mwanzo za maisha, kisha huenda kulinda mwili mzima.

Kifuko hicho hukua haraka kifaranga akiwa mdogo na hunywea chenyewe kuku anapokaribia kutaga, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Hivyo bursa ndogo kwa kuku anayetaga si ugonjwa. Bursa iliyonywea kwa kifaranga wa wiki tatu au nne ni jambo la kutia shaka, kwa maana chuo kimefungwa kabla askari hawajahitimu.

Gumboro isiyopiga hodi

Virusi vinavyoshambulia bursa ni vya ugonjwa wa Gumboro. Jina ni la eneo la Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani, ambako ugonjwa huo ulionekana mwaka 1957 na kuelezwa kitaalamu mwaka 1962. Nchini Tanzania uliripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Japani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa virusi vikali sana vya Gumboro vipo nchini, na kwamba si vya aina moja.

Gumboro ambayo wafugaji wengi wanaifahamu ni ile ya kuku wa wiki ya tatu hadi ya sita. Kuku wanazubaa, manyoya yanasimama, wanaharisha kinyesi cheupe cha majimaji, na vifo vinapanda kwa siku tatu au nne kisha vinashuka. Mzoga ukipasuliwa, madoa ya damu yanaonekana kwenye misuli ya mapaja na kifua. Huo ni ugonjwa wa wazi, na mfugaji hulazimika kutafuta msaada.

Ugonjwa wa kimya ni ule unaompata kifaranga kabla ya kutimiza wiki tatu. Katika umri huo anaweza kuambukizwa asife wala asionyeshe dalili yoyote. Ndani ya mwili, hata hivyo, bursa huvimba kwa siku tatu au nne, kisha huanza kusinyaa. Ikifika siku ya nane baada ya maambukizi, inaweza kubaki na theluthi moja tu ya uzito wake wa kawaida. Uharibifu wa umri huo unaweza kudumu maisha yote ya kuku huyo.

Kuanzia hapo kuku anakula na kunywa kama wenzake, lakini mwili wake hauna uwezo wa kujibu chanjo ipasavyo. Akipewa chanjo ya kideri siku ya 21, chanjo inaingia na askari wa kuipokea hawapo. Hapo ndipo mfugaji anapoamini kuwa chanjo ilikuwa feki.

Washirika wawili wa Gumboro

Gumboro haifanyi kazi hiyo peke yake. Ugonjwa wa Marek, uliopewa jina la daktari wa mifugo wa Hungaria aliyeueleza mwaka 1907, husababishwa na virusi vinavyokaa ndani ya kuku maisha yake yote. Virusi hivyo hutoka kwenye vinyweleo na kusambaa pamoja na vumbi la manyoya. Wafugaji wa kuku wa mayai huutambua pale kuku anapolala ametanua mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, au uvimbe unapoonekana kwenye ini na bandama. Kabla ya kufikia hatua hiyo, virusi huwa vimekwisha kudhoofisha kinga.

Chanjo ya Marek hutolewa siku ya kwanza, kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga. Chanjo hiyo huzuia uvimbe na vifo, lakini haizuii kuku kuambukizwa wala kuambukiza wengine. Aidha, huchukua takribani wiki moja kujenga kinga. Kifaranga akishushwa katika banda lenye vumbi la kundi lililopita, virusi vinaweza kuiwahi chanjo.

Wa pili ni virusi vya upungufu wa damu wa kuku, vilivyotambuliwa nchini Japani mwaka 1979. Hivi hushambulia uboho wa mifupa na tezi ya thaimasi, ambayo ni chuo kingine cha askari wa mwili. Kuku mzazi akiambukizwa wakati anataga naye hajawahi kupata kinga, huvipitisha kwa kifaranga kupitia yai. Kifaranga huyo hupauka, hudumaa, na wakati mwingine mabawa yake huwa na vidonda vyeusi vya damu iliyovia. Kuku aliyezidi wiki tatu haugui waziwazi, lakini akipata virusi hivyo pamoja na Gumboro, madhara kwa kinga yake huongezeka.

Hasara isiyoandikwa kwenye daftari

Vifo huhesabika. Mfugaji anaokota mizoga asubuhi na kuandika. Hasara ya ugonjwa wa kimya haiandikwi, kwa sababu inakaa kwenye uzito na mayai ambayo hayakupatikana.

Kwa mfano wa hesabu tu, chukua vifaranga 500 wa nyama. Kundi zima likipoteza asilimia 4, hubaki kuku 480. Wakiuzwa na uzito wa kilo 1.8 kila mmoja, ni kilo 864. Kundi lenye kinga iliyoharibika likipoteza asilimia 10, hubaki 450. Wakifikia kilo 1.5 kwa siku zilezile, ni kilo 675. Tofauti ni kilo 189, zaidi ya sehemu moja ya tano ya mauzo. Chakula kilicholiwa ni karibu kilekile, na chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji huu. Bado hapo dawa hazijahesabiwa.

Kwa kuku wa mayai, malipo huchelewa zaidi. Kifaranga aliyeharibiwa bursa akiwa na siku 10 hulishwa kwa zaidi ya miezi minne kabla ya kutaga yai la kwanza. Mfugaji aliyekopa kwenye SACCOS au VICOBA anaanza kurejesha mkopo akitegemea trei za mayai ambazo hazifiki idadi aliyopiga hesabu, na kufikia wakati huo hakuna anayekumbuka kilichotokea wiki ya pili.

Matumizi ya antibaiotiki huzidisha hasara hiyo. Dawa hizo haziui virusi. Zinaweza kusaidia dhidi ya bakteria walioingia baada ya kinga kushuka, lakini kundi lisilo na kinga litaugua tena dozi ikiisha. Mfugaji anayebadilisha dawa kila wiki hujikuta amenunua aina nne au tano kwa kundi moja, huku akihatarisha walaji iwapo atauza kuku au mayai kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio kwisha.

Kinga ya mama na tarehe ya chanjo

Kifaranga huanguliwa akiwa na kingamwili alizorithi kwa mama yake kupitia kiini cha yai. Hizo humlinda siku za mwanzo, na hupungua kwa nusu kila baada ya siku tatu hadi tano hivi. Zikiwa bado nyingi, huiua chanjo ya Gumboro kabla haijafanya kazi. Zikiisha kabla ya chanjo kutolewa, virusi vya bandani hupata mlango wazi.

Ndiyo maana ratiba inayotumika sana nchini huweka kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21 na Gumboro tena siku ya 28. Kurudia si njama ya muuza dawa kuongeza mauzo. Vifaranga wa kundi moja hawana kinga sawa ya mama, hivyo chanjo ya kwanza hushika kwa baadhi na ya pili huwapata waliobaki. Vifaranga wakiwa wamekusanywa kutoka kwa wazazi tofauti, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Ni busara kumuuliza mtotoleshaji wazazi wamechanjwa nini na anashauri tarehe zipi.

Chanjo ya Gumboro ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Hufa kwa joto, kwa jua na kwa dawa ya kusafishia maji. Inapaswa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 tangu inapotoka kiwandani. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takribani kilomita 500, na hadi Mbeya takribani 830. Chupa iliyosafiri mwendo huo kwenye buti la basi bila barafu, au iliyokaa dukani siku ambazo umeme ulikatika, inaweza kuwa na lebo nzuri na ndani isiwe na kitu.

Makosa mengine hufanyika bandani kwenyewe. Maji ya bomba yenye klorini huiua chanjo. Maji ya kisima safi ni bora zaidi, na kwa vyovyote huongezwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, dakika 15 hadi 20 kabla ya kutia chanjo. Vyombo viwe vya plastiki, vilivyooshwa bila sabuni wala dawa. Kuku wanyimwe maji saa moja hadi mbili, kisha wapewe kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Kanuni rahisi ni lita moja kwa kuku 1,000 kwa kila siku ya umri. Vifaranga 500 wa siku 14 watahitaji lita 7. Vyombo viwe vingi ili hata wanyonge wafike.

Kwa upande wa kideri, chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini kwa jina la TEMEVAC hustahimili joto kuliko nyingine na hutolewa kwa tone la jicho. Ni mkombozi kwa vijiji visivyo na umeme. Hata hivyo, haikingi Gumboro, na kuku ambaye bursa yake imekwisha kuharibika hatanufaika nayo kikamilifu.

Baridi ya Juni na mahindi ya ukungu

Nyanda za Juu Kusini zina mazingira yake. Mwezi Juni na Julai baridi ya Mbeya, Makambako na Mafinga huwafanya wafugaji kuziba banda kwa maturubai na kuwasha majiko ya mkaa. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, hivyo joto ni lazima. Lakini banda lililozibwa kabisa hujaa hewa kali ya kinyesi na moshi, ambayo huchubua koo na mapafu. Kuku ambaye kinga yake imeshuka hupata mafua hapo hapo. Inashauriwa kuziba pande za chini na kuacha nafasi juu hewa itoke.

Mikoa hii ni ghala la mahindi, na hilo ni neema kwa anayetengeneza chakula mwenyewe. Hatari iko kwenye mahindi yaliyovunwa na unyevu na kurundikwa kabla ya kukauka. Ukungu unaoota humo hutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kuku, kiasi kidogo cha sumu hiyo hakiui. Hudhoofisha ini na kushusha kinga, sawa na vinavyofanya virusi. Mahindi yaliyokataliwa nyumbani kwa kuota ukungu yasipelekwe bandani kwa kisingizio kuwa kuku hawachagui. Mashudu ya alizeti nayo yakaguliwe vivyo hivyo.

Maranda ya mbao ni rahisi kupatikana kutokana na viwanda vya mbao vya Mufindi, hivyo hakuna sababu ya kufugia kundi jipya juu ya maranda ya kundi lililopita. Virusi vya Gumboro vinaweza kuishi ndani ya banda siku 122 baada ya kuku kuondolewa, na siku 52 katika chakula, maji na kinyesi. Kuacha banda wazi wiki mbili bila kuliosha hakuviondoi.

Kundi juu ya kundi

Kinachowaponza wengi ni mahitaji ya fedha. Mwenye wateja wa kudumu katika hoteli na masoko kama Mwanjelwa anataka kuwa na kuku wa kuuza kila wiki. Kwa hiyo huingiza vifaranga 200 leo, 200 baada ya wiki mbili, na wote hulala chini ya paa moja. Kibiashara anaona ni akili. Kwa virusi ni karamu isiyoisha, maana kila wakati kuna kifaranga mchanga ambaye kinga ya mama inaisha huku wakubwa wakitema virusi pembeni yake.

Asiyeweza kuingiza na kutoa wote kwa pamoja, basi ajenge angalau mabanda mawili yaliyotengana. Kazi ianze kwa wadogo, iishie kwa wakubwa. Kila banda liwe na viatu vyake na ndoo zake. Magunia ya chakula na trei za makaratasi kutoka sokoni zisirudi bandani. Kuku wa asili na njiwa wasizurure karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta chembe za urithi za virusi vya Gumboro katika njiwa na kanga wanaoishi huru Afrika.

Banda linapotoka kundi, maranda yote yatolewe na kupelekwa mbali, vumbi lifagiliwe hadi kwenye kenchi, sakafu na kuta zioshwe kwa maji na sabuni, na dawa ya kuua virusi ipulizwe baada ya uchafu kuisha. Dawa ikipulizwa juu ya kinyesi ni fedha iliyomwagwa.

Chanzo cha vifaranga nacho ni muhimu. Mwaka 2006 Serikali ilizuia kuingiza kuku kutoka nje kutokana na mafua ya ndege, na mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa Namanga. Hatua hiyo ilizua mjadala mkali, lakini ilikumbusha kuwa kifaranga asiye na historia huja na mzigo usiojulikana. Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzishwa kwa shughuli za kampuni ya Silverlands huko Ihemi, Iringa, katika miaka ya 2010 kulisogeza vifaranga na chakula karibu. Popote mfugaji anaponunua, adai taarifa za chanjo za wazazi na uthibitisho wa chanjo ya Marek.

Mzoga una habari

Mfugaji anayepoteza kuku wawili kwa siku huwa anawazika au kuwatupia mbwa. Kwa kufanya hivyo anazika jibu. Kifaranga wa wiki mbili hadi tano akipasuliwa na mtaalamu, bursa hulinganishwa na bandama. Katika umri huo bursa yenye afya ni kubwa kuliko bandama. Ikiwa ndogo kuliko bandama katika kuku kadhaa wa kundi moja, kuna sababu nzuri ya kupeleka sampuli maabara.

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), ulioanzishwa mwaka 2012, una kituo Iringa kinachohudumia Nyanda za Juu Kusini. Mizoga iliyokufa karibuni, au vizuri zaidi kuku wagonjwa wangali hai, ndiyo hutoa majibu ya uhakika. Mzoga uwekwe kwenye barafu, usigandishwe, na uambatane na maelezo ya umri, chanjo zilizotolewa, tarehe na mahali zilikonunuliwa. Wafugaji wadogo wa eneo moja wanaweza kuchangiana gharama za safari na vipimo, kwa kuwa virusi vilivyoko kwa jirani mmoja mara nyingi viko kwa wote.

Kundi ambalo bursa imekwisha kuharibika halina dawa ya kulirudisha lilivyokuwa. Kinachoweza kufanyika ni kulipunguzia mateso: chakula kizuri, hewa safi, kutowabana, na kuuza mapema kuku wa nyama waliofikia uzito unaokubalika kabla hawajala faida yote. Nguvu kubwa ielekezwe kwenye kundi linalofuata, kuanzia siku banda linapofagiliwa hadi chanjo ya siku ya 28. Mfugaji mwenye daftari la siku hizo 28, lenye tarehe za chanjo, chanzo cha vifaranga, vifo na uzito wa kila wiki, ndiye atakayejua adui aliingia lini na kupitia mlango upi.